Kimya na Habari

Sisi Waswahili tumejaliwa salamu. Mtu akikutana na mwenzake njiani humwuliza hujambo, naye hujibu sijambo. Humwuliza habari za nyumbani, naye hujibu nzuri. Habari za kazi, nzuri. Watoto je, hawajambo. Hata aliyefiwa jana hujibu nzuri kwanza, ndipo baadaye, mkiisha kuketi, aseme, "Ila tumepata msiba." Mgeni asiyetujua hudhani tunasema uongo. Wenyewe twajua kwamba jibu la kwanza ni adabu, na habari yenyewe huja nyuma yake, baada ya neno "ila". Ole wake anayeaga kabla "ila" haijasemwa.

Nimeishi na desturi hii maisha yangu yote bila kuifikiri. Kilichonifanya niifikiri ni kazi yangu, na baada ya kazi, macho ya baba yangu. Katika kurasa hizi nataka kumwekea msomaji swali moja ambalo limenisumbua kwa miaka kadhaa sasa. Mtu akipatwa na shida, na habari isimfikie yule aliyepaswa kujua, kosa ni la nani? Ni la aliyenyamaza, au ni la ambaye hakuuliza?

Kazi yangu ilikuwa kutunza mtandao wa kompyuta wa ofisi moja yenye matawi mikoani. Kwa asiyejua mambo haya, mtandao ni nyaya na visanduku. Visanduku vingine huitwa swichi, vingine ruta, na kazi yao ni kupokea maneno ya kompyuta moja na kuyafikisha kwa nyingine. Vyetu vilikuwa kama mia moja hivi, vimetawanyika toka Mtwara hadi Mwanza, vingine vimewekwa chini ya meza za makarani, vingine juu ya kabati penye vumbi. Mtu mmoja aliyeketi Dar es Salaam hawezi kuvizungukia ili aone kipi kizima na kipi kimezimika. Hapana budi visanduku vyenyewe viseme.

Jinsi ya kuvifanya viseme ilibuniwa zamani kidogo. Mwaka 1988 wataalamu wanne wa Marekani, Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin, walitoa itifaki iitwayo SNMP, yaani itifaki nyepesi ya kusimamia mitandao. Neno itifaki tumezoea kulisikia Ikulu, pale panapopangwa nani atangulie kumsalimu mgeni na nani afuate. Kwa kompyuta maana yake haiko mbali na hiyo: nani aulize, nani ajibu, na kwa maneno gani. Itifaki hiyo ilikusudiwa itumike kwa muda tu, mpaka nyingine kubwa zaidi iwe tayari. Ile kubwa haikushika. Ile ya muda ingali inatumika ulimwenguni kote hadi leo.

Utaratibu wake ni huu. Ndani ya kila kisanduku huwekwa programu ndogo iitwayo wakala. Makao makuu huwekwa programu kubwa iitwayo msimamizi. Wawili hawa wana njia mbili za kupashana habari.

Njia ya kwanza ni kuuliza. Kila baada ya muda fulani, kwetu sisi ilikuwa kila dakika tano, msimamizi humpitia wakala mmoja mmoja na kumwuliza. Wala haulizi "hujambo?" Kila jambo linaloweza kuulizwa limepewa namba yake, na msimamizi huuliza kwa namba hiyo: mlango wako wa tatu unafanya kazi? Umepitisha kiasi gani? Pakiti ngapi zimeharibika? Umekuwa macho tangu lini? Swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote. Wakala hulijibu kwa kuhesabu sehemu za mia za sekunde tangu alipowashwa. Kisanduku kinaweza kuwa kizima sasa hivi, taa zake zote zinawaka, lakini kikijibu kwamba kina dakika sita tu tangu kiamke, basi nimejua kwamba dakika saba zilizopita kilianguka, hata kama hakuna aliyeniambia.

Njia ya pili ni ya wakala mwenyewe kusema bila kuulizwa. Mlango wake ukifungwa, au ukifunguka tena, au yeye mwenyewe akizimika na kuwaka upya, hutuma ujumbe mara moja kwa msimamizi. Mafundi wenzangu wana jina lake la Kiingereza. Mimi nitauita mbiu, kwa kuwa wahenga wamesema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Mtu akisikia njia hizi mbili kwa mara ya kwanza huipenda ya pili. Ya nini kuhangaika kuuliza vifaa mia moja kila dakika tano, ilhali kila kimoja kinaweza kusema chenyewe kikipatwa na jambo? Nami nilifikiri hivyo nilipoanza. Lakini mbiu ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, katika toleo la awali la itifaki ile, mwenye kuipiga hangoji jibu. Huituma na kuendelea na shughuli zake, na ikipotea njiani hatajua. Kasoro hii ilitengenezwa mwaka 1993, lilipotoka toleo la pili lenye aina ya mbiu inayodai kuitikiwa, ili aliyeipiga asipoitikiwa aweze kurudia. Udhaifu wa pili haukutengenezwa, kwa sababu hautengenezeki. Kama njia iliyokatika ndiyo hiyo hiyo mbiu ingepitia, mbiu itapita wapi? Na kama kisanduku kimekosa umeme kabisa, ni nani wa kuipiga? Hakuna maiti aliyewahi kutangaza kifo chake.

Kwa hiyo msimamizi hana budi kuuliza, hata kama mbiu zipo. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa msomaji alishike, kwa kuwa yote yanayofuata yamesimama juu yake. Kimya ni cha namna mbili. Nikimwuliza wakala wa Mwanza swali, nikangoja, nikarudia, nikangoja tena, naye asijibu, kimya hicho ni habari, tena ni habari nzito. Lakini kama sikumwuliza kitu, naye hakusema kitu, kimya hicho hakina maana yoyote. Chaweza kuwa cha amani, chaweza kuwa cha mauti. Anayekiita amani amejitungia habari mwenyewe.

Nililijua hilo kwa kichwa. Mwaka 2011 nililijua kwa aibu.

Mbele ya meza yangu palikuwa na kioo kinachoonyesha ramani ya nchi, na kila tawi lilikuwa na alama: kijani kama ni zima, nyekundu kama limekatika. Alhamisi moja usiku, diski ya mashine ya msimamizi ilijaa, na ile programu inayouliza ikasimama. Ramani haikusimama. Iliendelea kuonyesha picha ya mwisho iliyopata, na picha ya mwisho ilikuwa ya kijani kutoka kusini hadi kaskazini. Ijumaa asubuhi laini ya Mwanza ikakatika. Nikaja kazini, nikaitazama ramani, nikashukuru, nikaagiza chai. Jumamosi nikafanya vivyo hivyo.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikalia. Alikuwa karani wa Mwanza, akaniuliza kwa upole lini tutawatengenezea. Nikamwuliza kuna nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, tuko gizani tangu Ijumaa. Sisi tulijua mnaona huko." Nami nikamjibu lile lililonijia mdomoni: "Mimi nilijua mngepiga simu."

Katika siku zile mbili za kazi waliwarudisha watu waliofuata malipo yao. Mmoja alikuwa mzee aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe, akalala mjini usiku wa Ijumaa kwa fedha ya kuazima, na Jumamosi akaambiwa tena kwamba mtandao hakuna. Karani alinieleza hayo bila kulaumu. Kwa maneno yake "mnaona huko" na yangu "mngepiga", tulikuwa tumesema kitu kimoja. Kila mmoja wetu alikuwa amemtwika mwenzake kazi ya kujua.

Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba wakubwa kuliko sisi wamewahi kupatwa na hayo. Tarehe 14 Agosti 2003, saa 8:14 mchana kwa saa za huko, programu ya kutoa tahadhari katika chumba cha uongozi cha kampuni ya umeme ya FirstEnergy, jimboni Ohio, Marekani, iliganda. Haikulia kwamba imeganda. Waliokuwa zamu hawakuona tahadhari yoyote, wakaendelea na kazi wakiamini mambo ni shwari, na huku nyaya kubwa za umeme zikigusa miti na kujikata moja baada ya nyingine. Majirani wa kampuni nyingine waliwapigia simu kuuliza juu ya laini iliyoonekana kukatika. Wao wakatazama vioo vyao, wasione kitu. Ilipita zaidi ya saa moja kabla hawajatambua kwamba kilichokufa ni kengele yenyewe. Baada ya saa 10 jioni gridi ikaanguka, na watu wapatao milioni 50 katika Marekani na Kanada wakakosa umeme. Wale hawakuwa wazembe. Walikuwa watu waliozoea kwamba kama kuna jambo wataambiwa, na mazoea hayo yalikuwa yamewatumikia vizuri kwa miaka.

Ningeweza kuishia hapo, na makala hii ingekuwa ya ufundi tu. Lakini miezi minne baada ya jambo la Mwanza nilikwenda nyumbani kwa sikukuu ya Idd.

Baba yangu anaishi Pangani pamoja na dada yangu na watoto wake. Kila Jumapili jioni nilikuwa nampigia simu, na mazungumzo yetu yalikuwa yale yale. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." "Habari za huko?" "Nzuri, tunamshukuru Mungu." "Afya?" "Mimi mzima, sijui ninyi." Nyuma yake mara nyingi nilisikia sauti ya mjomba wangu, mtoto wa dada, aliyekuwa darasa la tano, akisoma gazeti kwa sauti, akijikwaa kwenye maneno marefu. Siku moja nilimwuliza baba mtoto anafanya nini. Akasema, "Namzoeza kusoma." Nikafurahi sana. Niliwasimulia hata wenzangu kazini, jinsi mzee wangu alivyo mwalimu hata baada ya kustaafu.

Siku ya Idd nilimkuta barazani amevaa kanzu mpya. Nilipomwamkia aliunyosha mkono wake, nao ukaenda pembeni kidogo ya pale nilipokuwa. Alipotaka kuchukua kikombe alikiangusha, akacheka, akasema uzee umefika. Aliposhuka ngazi za baraza alitanguliza mguu na kupapasa kila ngazi kwa kidole kabla ya kuikanyaga. Sikula vizuri siku ile. Baada ya sikukuu nilimpeleka hospitali Tanga, na daktari akatuambia ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebakiza uwazi mdogo wa katikati, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Daktari alitueleza kwa subira. Alisema mara nyingi ugonjwa huu hauumi. Huanza kuila nuru ya pembeni, na kwa kuwa jicho moja hulifidia jingine, mgonjwa huweza kukaa miaka bila kujua kwamba amepungukiwa. Kilichopotea hakirudi, dawa hulinda kilichobaki tu. Njia ya kuugundua mapema ni kwenda kupimwa ukiwa bado unajiona mzima. Nilimsikiliza nikaona ananisimulia kazi yangu. Jicho halikupiga mbiu. Ilitakiwa liulizwe.

Jioni ile dada yangu aliniambia jikoni, bila kupandisha sauti, "Kaka, mashine ya Mwanza ikizimika wewe unajua ni saa ngapi na dakika ngapi. Baba haoni mwaka wa tatu huu, hukujua." Nilimjibu kama nilivyomjibu karani: "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Uliniuliza baba hajambo. Nikakwambia hajambo. Hana homa, anakula, anaswali. Macho hukuniuliza."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Mwanzoni niliona ni la ukaidi. Sasa naliona ni la haki. Yeye alikuwa anaishi na baba kila siku, na mtu unayeishi naye humwoni akibadilika. Aliona ni uzee, na uzee hauripotiwi kwa simu. Mimi nilikuwa mbali, nami ndiye ningeweza kuona tofauti, lakini nilichokuwa nauliza kila Jumapili hakikuwa swali. Ilikuwa salamu. Salamu ni jambo jema, huonyesha kwamba njia baina yetu ingali wazi. Haionyeshi zaidi ya hapo. Kazini nisingeridhika hata siku moja na kisanduku kinachojibu "nzuri". Ningekiuliza kwa namba.

Na dalili ilikuwepo! Ile sauti ya mtoto anayesoma gazeti niliisikia kwa masikio yangu, nikaifasiri nilivyopenda. Kumbe mzee aliyesoma gazeti kila siku kwa miaka arobaini alikuwa amejiajiria macho ya mjukuu.

Basi, kosa ni la nani? Wapo watakaosema ni la baba. Mwenye shida ndiye anayeijua, na mficha uchi hazai. Katika maneno hayo mna ukweli. Mtu mzima ana wajibu wa kusema hali yake kwa wanaompenda, kwa kuwa akificha huwanyima nafasi ya kutenda wema. Lakini ukiuweka wajibu wote juu ya mwenye shida, umeuweka juu ya yule ambaye shida yenyewe huenda imemfunga kinywa. Aliyezama hawezi kupiga kelele. Mwenye huzuni kubwa hukosa hata neno la kuieleza. Mke anayepigwa, simu iko mkononi mwa anayempiga. Mtoto anayedhulumiwa hajui kwamba anachotendewa kina jina. Hao wote njia yao imekatika pale pale ambapo mbiu ingepita. Anayesema "wangesema" amejenga nyumba yake juu ya njia ambayo huvunjika siku inapohitajiwa.

Kwa hiyo nasema wajibu wa kwanza ni wa kuuliza, nao ni wa yule aliye mzima, aliye mbali na shida, mwenye nafasi. Yeye ndiye ambaye njia yake haijakatika. Mwenye shida ana wajibu wa kusema awezapo, na aulizwapo ana wajibu wa kusema kweli. Lakini ni wajibu wa pili, na asipoutimiza, yule wa kwanza hawezi kujificha nyuma yake. Sikumwambia hivyo karani wa Mwanza siku ile. Nilimwambia baadaye, nilipompigia kumwomba radhi.

Najua kuna pingamizi mbili, nami sitaki kuzikwepa.

La kwanza ni kwamba ulimwengu wa kuulizana na kuarifiana kila wakati utatuchosha sote. Hilo ni kweli, na mitandao imelionyesha. Tarehe 27 Oktoba 1980, mtandao wa ARPANET wa Marekani, ulioitangulia intaneti, uliacha kufanya kazi kwa saa kadhaa. Hakuna aliyeushambulia. Mashine zake zilikuwa na desturi ya kupashana habari za hali ya njia zao, kila habari ikiwa na namba ili ijulikane ipi ni mpya. Kifaa kimoja kibovu kikaharibu namba hizo, zikatokea habari tatu ambazo kila moja ilionekana ni mpya kuliko mwenzake, kwa kuzunguka bila mwisho. Mashine zikazipokea na kuzisambaza tena na tena, na kwa kuwa habari za hali zilipewa nafasi ya mbele, haikubaki nafasi ya kazi nyingine. Mtandao ulishindwa kufanya kazi kwa sababu ya kuulizia afya yake. Nimeona familia za namna hiyo pia, ambamo mtoto akikohoa simu kumi hupigwa, na siku ya ugonjwa wa kweli hakuna anayeshtuka. Jibu langu ni kwamba maswali machache yaliyochaguliwa yanatosha. Sikuhitaji kumwuliza baba kila dakika tano. Nilihitaji kumwuliza mara moja kwa mwaka swali moja lenye shabaha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na alilitoa baba mwenyewe.

Baba alikuwa mkuu wa stesheni ndogo ndogo za reli ya Tanga mpaka Moshi, hadi alipostaafu. Usiku mmoja barazani, baada ya kurudi hospitali, nilimsimulia mambo ya Mwanza na ile ramani ya kijani. Akasikiliza, kisha akasema, "Ninyi mnafanya kinyume. Sisi, gari likitoka kwangu, namwarifu wa stesheni ya mbele. Likifika kwake zima, ananiarifu. Asiponiarifu siruhusu jingine kuingia njiani, hata wakubwa wapige kelele. Hatukusema, hajaniambia kuna ajali, basi hakuna ajali. Tulisema, hajaniambia limefika, basi halijafika."

Nilikaa na maneno hayo kitambo. Kisha nikamwuliza, "Sasa baba, wewe unayejua hayo yote, mbona macho hukuniambia?"

Akasema, "Kwa sababu ungekuja kunichukua."

Ni kweli. Tangu hospitali nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni: atahamia Dar es Salaam, atakaa kwangu, shamba atapewa mtu wa kulilinda. Sikuwa nimemwuliza. Na hapa itifaki ile ya visanduku ikanifundisha tena, japo waliyoiandika hawakuwa na baba yangu akilini. Ndani yake kuuliza na kubadilisha ni amri mbili mbalimbali, na kwa desturi kila moja hupewa neno lake la siri. Mwenye neno la kuuliza anaweza kusoma hali ya kifaa, lakini hawezi kukigusa. Mafundi wenye busara hutoa neno la kusoma kwa uangalifu, na la kubadilisha kwa uangalifu zaidi. Miaka ya mwanzo watu walizembea: neno la kusoma lililozoeleka lilikuwa neno la Kiingereza lenye maana ya "la watu wote", tena lilipita kwenye nyaya bila kufichwa, hata mpita njia aliweza kuchungulia nyumba ya mwenzake. Ulinzi wa kweli uliwekwa katika toleo la tatu, lililokamilishwa kuwa kanuni mwaka 2002.

Vilevile kila mlango wa kifaa hutoa majibu mawili: vile mwenyewe alivyotaka uwe, na vile ulivyo. Mlango ambao mwenyewe ameufunga kwa hiari si mgonjwa, na fundi anayekimbilia kuufungua anamkosea mwenye nyumba. Ugonjwa ni pale ambapo mwenyewe anataka uwe wazi nao umefungwa. Baba alitaka kuona, na macho yamefunga: hapo nina haki ya kuhangaika. Baba anataka kukaa Pangani, na yuko Pangani: hapo sina la kutengeneza.

Nilikuwa nimemfanya aogope kusema, kwa kuwa alijua kwamba kila habari atakayonipa nitaigeuza kuwa amri. Anayetaka kuambiwa kweli lazima kwanza aaminike kwamba akiambiwa hatamnyang'anya msemaji maisha yake. Wazazi wa vijana, na hata wakubwa wa kazi, wangefaidika kulifikiri hilo. Mara nyingi tunalalamika kwamba hawatuambii, na hatujiulizi tuliwafanya nini walipotuambia mara ya mwisho.

Baba alibaki Pangani. Dawa ya matone anawekewa na dada, asubuhi na jioni. Uwazi mdogo wa jicho la kulia haujapungua tangu wakati ule. Dada nami tumekwenda kupimwa, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo. Mimi nimeambiwa nirudi kila mwaka.

Jumapili bado napiga simu. Nasema shikamoo, naitikiwa marahaba, nauliza habari, naambiwa nzuri. Salamu siiachi, ni yetu na ni nzuri. Kisha nauliza: matone ya asubuhi umewekewa saa ngapi? Jana ulitoka nje ya ua? Kwenye ngazi ulishikwa mkono au ulishuka mwenyewe? Mara nyingine hunijibu kwa hasira kidogo kwamba mimi ni karani wa hesabu. Mara nyingine hunijibu, kisha akanyamaza, nami sikati simu. Nangoja.

Na Jumapili moja, baada ya kunijibu yote, aliniuliza yeye: "Na wewe mwanangu, usiku unalala saa ngapi?" Nilianza kusema nalala vizuri, kama ilivyo desturi. Kisha nikamwambia kweli.